Mwendo wa Hamsini na Mbili

Chiriku alimwangalia mama yangu kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kandambili, akamgeukia dada, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani kwa jirani:

"Huyu si bibi."

"Ni bibi, mwanangu. Msogelee."

"Siye! Bibi anaongea."

Akajificha nyuma ya gauni la dada, na hapo ndipo alipokaa mpaka jioni, anachungulia kwa jicho moja.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Na nataka ujue mapema kabisa kwamba mtoto hakuwa na kosa, maana wapo watu nikiwasimulia wanaanza kumsema, eti hana adabu, eti dada kamdekeza. Hapana bwana. Dada aliolewa mbali, Chiriku akazaliwa hukohuko, na katika miaka yake minne yote hatukuwahi kumtia machoni. Bibi yake alimjua kwenye simu. Kila Jumapili saa nne asubuhi dada anapiga, anamwekea mtoto simu sikioni, na Mama anamuuliza umekula nini, umepigana na nani, hebu nihesabie mpaka ishirini. Akikosea kumi na saba anamrudisha mwanzo. Mtoto anacheka mpaka anapaliwa. Jina la Chiriku tulimpa sisi huku, kwa kumsikia tu, kwa sababu akishaanza hanyamazi.

Halafu mwezi wa pili Mama akapasuliwa koo. Saratani. Walikitoa kisanduku cha sauti chote, hawakubakiza hata kipande, wakamwachia tundu hapa chini ya shingo ndilo analopumulia. Analifunika kwa kitambaa cheupe, na pumzi inapotoka unaisikia, fff, fff, kama mtu anayepoza chai. Kuongea ndiyo basi. Hata kunong'ona hawezi. Mwalimu wa darasa la kwanza, miaka ishirini na sita ya kupigia kelele watoto wa watu, sasa anaongea kwa daftari na kalamu aliyoifunga kwa uzi.

Dada alikuja kwa siku mbili tu. Jumamosi asubuhi walikuwa wanaondoka kumfuata shemeji kwenye kazi mpya, safari ya siku mbili na ushee, huko ambako hata simu inashika ukipanda juu ya kitu. Na daktari alikuwa ameshaniita mimi pembeni, akaniambia ugonjwa umeonekana tena, safari hii kwenye mapafu. Mama alijua. Dada alijua. Kwa hiyo tulijua wote, bila kuambizana, kwamba Chiriku akiondoka Jumamosi anasema huyu si bibi, basi itakuwa hivyo moja kwa moja.

Jioni ile Mama akanivuta mkono mpaka chumbani kwake. Akafungua daftari. Mama anaandika taratibu, herufi za ubaoni, kila moja na tumbo lake na mkia wake. Mimi subira sina. Sijawahi kuwa nayo, ndiyo maana hata matokeo yangu ya shule tusiyaongelee. Akiandika maneno mawili mimi nimeshamalizia la tatu kwa mdomo, na nusu ya mara nakosea, ananigonga mkononi kwa kalamu.

Akaandika: *Ile sidii ya*

"Ya dini? Ya harusi ya dada?"

Akanigonga. *shule.*

Nikakumbuka. Mwaka jana, sauti ilipoanza kukwaruza na kazi ikamshinda, walimu wenzake walimfanyia sherehe ya kumuaga. Wakachanga, wakamleta yule jamaa anayepiga video za harusi. Mama alitoa hotuba. Baadaye jamaa akaleta sidii moja kwenye kasha la plastiki, na Mama akaitupia kwenye sanduku la nguo, eti hataki kujiona alivyonenepa. Hatukuwahi kuiangalia. Na simu zetu ni zile za vitufe, hazirekodi kitu zaidi ya namba za watu wasiotupigia. Kwa hiyo dunia nzima, sauti ya mama yangu ilikuwa imebaki sehemu moja tu, chini ya vitenge vyake.

Mama akaandika: *Chiriku aisikie. Atajua.*

Nikamwambia, "Mama, hiyo niachie mimi."

*

Sasa kuhusu kompyuta. Kompyuta tunayo. Ilikuwa ya ofisi ya mwalimu mkuu, wakanunua nyingine, ile ya zamani wakampa Mama siku hiyohiyo ya kumuaga pamoja na seti ya vikombe. Inakaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mimi nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta wiki tatu, na cheti ninacho, kwa hiyo mtaani wananiita Injinia. Wengine wananiita kwa kunicheka, wengine wanaamini kweli. Mimi nilikuwa kwenye hili kundi la pili.

Ijumaa asubuhi dada akaenda sokoni na Chiriku kununua vitu vya safari. Nikaona hapo ndipo pa kujaribu, ili wakirudi wakute kila kitu kiko tayari. Nikalitoa kasha sandukuni. Lilikuwa na yale meno ya katikati yanayong'ang'ania sidii utadhani yamelipwa kuilinda. Nikaibandua kwa nguvu. Nikaiangalia kwenye mwanga wa dirisha: safi, isipokuwa karibu na lile tundu la katikati palikuwa na kitu kama unywele. Nikaufuta kwa shati. Haukutoka. Nikasema ah, mkwaruzo.

Nikaiweka. Draivu ya ile kompyuta, ile droo inayomeza sidii, imeandikwa 8X kwenye mlango wake. Ikanguruma kidogo, ikatulia, picha ikaja.

Walimu kwenye viti vya plastiki. Mwalimu mkuu anaongea na kipaza sauti kinapiga miluzi. Keki. Mtu anapita mbele ya kamera. Halafu nikamwona Mama anasimama, mnene kweli, na gauni lake la kijani, anarekebisha kipaza sauti kama anayemkazia mtoto tai. Akafungua mdomo.

"Watoto wangu," akasema. "Najua walimu ndio mmekaa mbele, lakini mimi naanza na watoto wangu kule nyuma..."

Nilikuwa sijasikia sauti ile miezi mitano. Nilisahau kwamba ilikuwa nene hivyo. Nilisahau kwamba anapotamka "wangu" anaivuta.

Kishindo jikoni. Mama alikuwa ameangusha sufuria. Akaja mbio sebuleni, mikono inachuruzika sabuni, akasimama katikati ya chumba anajiangalia.

"...kule nyuma, kaeni, kae, kae, kae..."

Ikakwama. Picha ikawa vijisanduku vijisanduku, uso wa Mama ukahamia begani, sauti ikawa inarudia kipande kimoja. Nikagonga mezani. Ikanyamaza kama sekunde kumi, ikaruka, tukasikia "...Mungu anisamehe na zile fimbo," watu wakacheka ndani ya sidii, halafu ikakwama tena.

Nikamgeukia Mama. Alikuwa anacheka. Mama akicheka siku hizi mabega yanapanda na kushuka, kitambaa cha shingoni kinapepea, na hakuna sauti. Machozi yanamtoka. Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua daftari.

*Inatosha. Wakirudi tumwekee hivyo hivyo.*

"Hivyo hivyo ikikwamakwama? Mama! Mtoto atacheka."

*Acheke.*

"Hapana. Hii draivu ni ya zamani, Mama, angalia, ni nane tu. Siku hizi watu wana hamsini na mbili. Hii haiwezi kubeba filamu ndiyo maana inahema. Nipe saa mbili tu, utajisikia kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukwama."

Akaanza kuandika kitu. Nikawa nimeshaichomoa sidii, nimeirudisha kwenye kasha, nimevaa viatu.

"Nakuja sasa hivi," nikamwambia.

*

Fundi Risasi ana kibanda nyuma ya stendi, kimejaa redio na televisheni zilizofunguliwa matumbo. Anaitwa Risasi kwa ajili ya ile risasi ya kulehemu. Kwa mwendo wake angeitwa Kobe. Ukimuuliza saa, anaweka kwanza kifaa chini, anafuta miwani, anakuuliza unataka saa kwa ajili ya nini.

"Shikamoo fundi. Nataka draivu ya hamsini na mbili."

"Marahaba, Injinia. Mama hajambo?"

"Hajambo. Draivu, fundi."

"Ya nini?"

Nikamweleza. Sidii ya video, kompyuta ya nane, inakwama, kesho asubuhi wanaondoka. Alikuwa ameinamia redio, moshi wa risasi unampita puani.

"Hiyo nane unajua ni nane ya nini?"

"Spidi."

"Spidi ya nini?"

"Si ya sidii, fundi! Inavyozunguka."

"Haya. Sidii ya muziki ikizunguka mwendo wake wa kawaida, hiyo ndiyo moja. Filamu za sidii nazo ni hivyohivyo, mwendo wa moja. Nane maana yake draivu inaweza kusoma mara nane ya hapo. Hamsini na mbili, mara hamsini na mbili, tena ikiwa huko ukingoni mwa sidii. Lakini filamu ya nusu saa ni ya nusu saa hata ukaiweke kwenye roketi. Au unataka mama yako aongee kama kasuku mwenye homa?"

"Sasa mbona yangu inakwama?"

"Ndilo swali. Kwa kuangalia, moja inatosha, na wewe una nane. Umezidisha saba. Kwa hiyo anayekwama si mwendo." Akapuliza redio. "Hizo namba kubwa ni za kunakili. Unaihamisha yote ndani ya kompyuta haraka, basi."

Mimi niliposikia kunakili, yaliyobaki sikuyasikia. Nikaona njia yote imenyooka: nainakili ndani, ikishaingia ndani haina kukwama tena, naweza hata kumpa dada nakala aende nayo.

"Basi ndiyo hiyo fundi! Niazime hiyo ya hamsini na mbili, ninakili, jioni nakurudishia."

"Unaweza kunakili na hiyo nane."

"Itachukua siku nzima!"

"Itachukua dakika tatu, nne. Ikikwama, kumi." Akanyoosha mkono rafuni bila kuangalia, akanipa draivu, imeandikwa 52X kwa maandishi ya kulala, kama yanakimbia. "Sidii yenyewe uko nayo? Niione kwenye taa."

"Iko nyumbani. Iko safi, nimeifuta."

"Utaiweka bila kuikagua? Subiri. Hizi za kasi zina jambo lake moja, ngoja nimalizie huu waya nikuambie..."

Alikuwa na waya mmoja mkononi. Mmoja. Ningesimama pale dakika moja, tena nimeegemea mlango.

"Nimekuelewa fundi! Jioni!"

Nilimsikia ananiita mara moja. Nilidhani anataka kunikumbusha niitunze draivu yake.

*

Kufunga draivu si kazi: skrubu nne, waya mpana mmoja, waya wa umeme mmoja. Nilipokuwa namalizia dada akarudi na Chiriku, wamebeba mifuko. Nikawakalisha sebuleni kama watu wa sinema. Dada kwenye kochi, Chiriku kwenye mapaja yake, Mama kwenye kigoda pembeni, si karibu sana, kwa sababu akisogea mtoto anajikunyata.

"Chiriku," nikamwambia, "leo utamsikia bibi."

"Kwenye simu?"

"Humu." Nikagonga kompyuta.

"Bibi yumo humo?"

"Sauti yake imo. Utamsikia na kumwona, anaongea. Halafu utamwangalia bibi huyu hapa, utaona ni yuleyule."

Chiriku akamwangalia Mama, akaiangalia kompyuta. Akateremka mapajani mwa dada. Akaja mwenyewe, hatua tatu, akasimama karibu na meza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kuachia lile gauni. Nilimwona Mama ameziba mdomo kwa mkono.

"Injinia, twende kazi," dada akasema, na safari hii hakuwa ananicheka.

Ningeweza kuicheza tu. Nakuambia ukweli, hata pale pale ningebonyeza kucheza, huenda ingekwamakwama na mtoto angesikia "watoto wangu." Lakini mimi nilitaka kitu kisafi. Nikabonyeza kunakili.

"Sekunde arobaini," nikasema. "Naihamisha kwanza."

Draivu ikaanza kwa mvumo. Ukapanda. Ukapanda tena. Ile ya nane ilikuwa inanguruma kama paka. Hii ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga inayosaga hewa, na meza ikaanza kutetemeka, vikombe vya Mama kwenye kabati vikagongana. Kile kimstari cha kijani kwenye kioo kikawa kinasogea vizuri sana. Robo. Nusu.

Mama akanigusa bega. Daftari: *Mbona inalia?*

"Ndiyo kasi hiyo, Mama. Si nilikuambia?"

Kimstari kikavuka nusu. Mama akaanza kuandika tena, nikasikia kalamu, sikugeuka. Nilikuwa nahesabu sekunde kwa sauti ili Chiriku ahesabu na mimi, na alikuwa anahesabu kweli, kumi na tano, kumi na sita...

Ikapasuka.

Sijui nikuelezeje mlio ule. Kama mtu amepiga risasi ndani ya sanduku la bati. Mlango wa draivu uliruka ukagonga ukuta wa mbele, kipande kikanipita shavuni kikaniachia mchirizi, vingine vikamwagika chini vinang'aa. Halafu kimya, ila injini ya draivu iliendelea kuzunguka yenyewe ikiwa tupu, inakwaruza vipande.

Chiriku alipiga yowe moja, akaingia chini ya meza. Dada akamvuta mguu, akamkumbatia, akawa anamkagua macho, mikono, macho tena. Hakuumia. Hakuna aliyeumia zaidi ya mimi, na mimi nilistahili.

Nikakiangalia kioo. Kompyuta iliandika kwamba imeshindwa kusoma. Nikabonyeza sawa, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kubonyeza, na ikafuta hata kile ilichokuwa imeshakinakili. Nilitafuta kila mahali. Haipo. Robo tatu ya mama yangu ilikuwa imeshaingia na kompyuta ikaifuta kwa sababu haikufika yote.

"Umefanya nini?" dada akaniuliza, taratibu kwanza. "We mtoto, umefanya nini? Si ilikuwa inacheza? Mama ameniandikia asubuhi ilicheza! Si ilikuwa inacheza?"

"Ilikuwa inakwama..."

"Ingekwama! Ingekwama basi!"

Chiriku analia, anasema bibi amepasuka, bibi wa humo amepasuka. Mama yeye alikuwa amekaa vilevile kigodani. Daftari lilikuwa limemwangukia miguuni. Ukurasa uliandikwa *Zima kid*, halafu kalamu iliteleza mpaka ukingoni.

*

Nilikimbia mpaka kwa Fundi Risasi na draivu kwapani, inalia vipande ndani kama debe la sarafu. Nilijua hakuna anachoweza kufanya, lakini miguu ilikuwa imeshaanza.

Safari hii nilikaa. Aliifungua skrubu moja moja, akavimwaga vipande juu ya gazeti. Vingine vilikuwa vyembamba kama kucha, rangi ya fedha imebanduka inashika vidoleni. Akatafuta, akapata kile kipande cha katikati chenye nusu ya tundu, akakiinua kwenye taa.

"Huu ufa ulikuwepo," akasema. "Ona ukingo wake, una uchafu. Haukuanzia kwenye draivu. Umetokea pale sidii inapobanduliwa kwenye kasha kwa nguvu. Hukuuona?"

"Niliona kama unywele."

Akafuta miwani.

"Hizi za hamsini na mbili zikifika mwisho zinaizungusha sidii mara elfu kumi kwa dakika. Sidii nzima inavumilia. Yenye ufa, ule ufa unavutwa huku na huku mpaka unaachia. Hilo ndilo nililotaka kukuambia."

"Na ile ya nane?"

Nilijua jibu. Nilitaka alitamke.

"Ile ya nane ingeisoma. Ingekwama, ingevuka. Kwa kuivumilia ungeipata karibu yote." Akaviringisha gazeti na vipande vyake, akanipa. "Aliyepiga video hana kanda yake?"

Nilikuwa nimeshapita kwake njiani. Jamaa aliniambia kanda ile aliirudia, kapigia harusi tatu juu yake. Alinipa pole kama mtu aliyeniuzia nyanya mbovu.

"Draivu yako, fundi..."

"Nenda nyumbani," akasema.

Nyumbani Mama alikuwa ameshafagia. Nikamkuta jikoni anamenya viazi, dada na mtoto wako chumbani mlango umefungwa. Nikamweleza yote, sikuficha. Ule unywele. Waya mmoja wa fundi. Kwamba ile ya zamani ilitosha, ilikuwa imezidi hata, kwamba ilikuwa inahangaika na ufa, si na mwendo. Kwamba ningemsikiliza yeye tu, hivyo hivyo, basi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaosha kisu, akakausha mikono, akaandika. Nikasubiri. Ilichukua muda.

*Mimi nilisikia kidogo asubuhi. Imenitosha. Lakini sikuitaka kwa ajili yangu.*

"Samahani, Mama."

Akanipa kisu na viazi vilivyobaki.

*

Jumamosi gari lilifika mapema. Dereva ni mtu wa haraka, anapakia mabegi huku anaangalia saa. Dada alimkumbatia Mama muda mrefu pale barazani, hakuna aliyesema kitu, na mmoja wao hata angetaka asingeweza. Mimi dada alinipa mkono. Mkono tu, na macho ameyapeleka kwenye mabegi.

"Chiriku," akasema, "njoo umuage bibi."

"Si bi..."

"Njoo!"

Chiriku akaja. Usiku wake ulikuwa mzuri, amelala, amechanwa nywele, ana soksi mpya. Akasimama mbele ya Mama, mbali kidogo, kwa umbali anaosimama mtoto mbele ya mtu mzima asiyemjua. Akainamisha kichwa vizuri kabisa, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo," akasema.

Tunasikia kitambaa cha Mama, fff, fff. Midomo yake iliitikia. Niliona kwa macho yangu, ma-ra-ha-ba, kila kipande na mkunjo wake, kama mtu anayeongea nyuma ya kioo cha dirisha. Lakini Chiriku alikuwa anaangalia chini, kama watoto wanavyofanya, anasubiri asikie ndipo ainuke.

Hakusikia.

"Shikamoo!" akasema tena, kwa nguvu, kama unavyomwamkia mtu asiyesikia vizuri.

Fff. Fff. Dereva akaacha kufunga kamba. Dada akageukia ukuta. Mimi nikashindwa, si unanijua.

"Marahaba," nikasema.

Chiriku akainua kichwa, akaniangalia na kukunja uso. "Sijakuamkia wewe," akasema.

Mama akanisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono. Akachuchumaa. Ilimchukua muda, magoti hayamtii siku hizi, mpaka uso wake ukawa usawa na uso wa mtoto. Akafungua mdomo akatamka tena, polepole, mara mbili, huku kidole chake kinagusa midomo ili mtoto aangalie pale.

Chiriku aliangalia. Kwa muda mrefu tu, nami hapo nilianza kutumaini. Halafu akarudi nyuma hatua moja, akautafuta mkono wa dada bila kugeuka.

"Mama, hajaitikia," akasema. "Twende."